Runinga ya chumba cha pili: ungo, waya, king'amuzi na ada yake

Mteja anayetaka runinga ya pili huanza na swali moja: "Fundi, kwa mwezi itaniongezea shilingi ngapi?" Swali halali, ila limekuja mapema. Ada ya mwezi ukiiuliza dukani utajibiwa kabla hujakaa. Kinachokula hela za watu ni yale yasiyoandikwa kwenye bango la bei: LNB (kile kichwa cha mbele ya ungo kinachopokea mawimbi) isiyoweza kulisha ving'amuzi viwili, waya uliofukiwa ukutani kabla mtu hajawaza chumba cha pili, na king'amuzi kipya kilichonunuliwa kwa sifa ambazo ungo wa juu ya paa haujazisikia.

Haya ndiyo tuliyojifunza sisi tunaopanda mapaa, wengi wetu kwa kufunga DStv na wenzake kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza, Mombasa na Nairobi.

Swali la kuanzia ni hili: vyumba viwili vinataka kuona kitu kimoja, au kila chumba kinataka chake? Kama baba anataka tu kumalizia taarifa ya habari kitandani baada ya kuzima ya sebuleni, hahitaji king'amuzi cha pili wala ada yoyote. Anahitaji picha ya king'amuzi kilekile ifike chumbani. Njia nyepesi ni splita ya HDMI yenye tundu 1 la kuingilia na 2 za kutokea. Waya wa kawaida wa HDMI huanza kusumbua ukipita mita 10 hivi: picha inapiga vimulimuli, au runinga inasema hakuna mawimbi ingawa king'amuzi kinawaka. Zaidi ya hapo tumia vile vifaa vya jozi vinavyosafirisha HDMI kwa waya wa Cat6, ule wa mtandao wa kompyuta. Vizuri vyake hufika mita 50 kwa picha ya 1080p, na baadhi hubeba na mwanga wa rimoti, kwa hiyo unabadilisha chaneli ukiwa umelala.

Splita za bei ya chini zina tabia mbili za kujua. Ya kwanza, hufuata runinga iliyo dhaifu: ya chumbani ikiwa ya 720p, na ya sebuleni nayo inashushwa hadi hapo, mwenye nyumba aanze kulaumu king'amuzi. Ya pili ni HDCP, ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe. King'amuzi huulizana na runinga kabla ya kutoa picha, na splita isiyojua kujibu huleta kioo cheusi chenye sauti, au cheusi kabisa. Kwa hiyo ijaribu hapohapo dukani ikiwa na runinga mbili, siyo moja. Zamani kazi hii ilifanywa na tundu la RF nyuma ya king'amuzi na waya wa antena. Vingi vipya havina tena tundu hilo, na hata vilivyo nalo picha yake kwenye runinga pana haipendezi.

Kama kila chumba kinataka chaneli yake, hapo ndipo ada inapoingia. Kwa DStv mpango huo unaitwa XtraView: ving'amuzi viwili au vitatu ndani ya nyumba moja, akaunti moja, kifurushi kimoja, na juu yake ada ya mwezi. Kimoja ndicho kikuu, vingine ni wafuasi. Kila kimoja kina namba yake ya kadi, lakini vyote vimesajiliwa kwa mteja mmoja. Ili mtu asichukue mfuasi akampangishe jirani, kikuu hutuma mapigo kwa wafuasi kupitia waya wake maalumu. Mafundi huuita hatibiti. Mfuasi asipousikia moyo wa mkubwa wake kwa muda, anagoma kuonesha.

Kutokana na mpangilio huo kuna simu moja tunayopigiwa kuliko zote: "Fundi, chumbani imekata lakini sebuleni inaonesha." Kabla ya kubeba ngazi, muulize kama jana usiku walizima umeme ukutani. Kikuu lazima kiwe kimechomekwa. Kikiwa kimezimwa kwa rimoti, kikilala na taa yake nyekundu, mapigo yanaendelea. Kikizimwa soketi, mapigo yanakufa. Nyumba za kubana Luku huzima kila soketi ya sebuleni saa nne usiku, na chumbani sinema inakatika katikati. Tiba yake ni kumweleza mwenye nyumba, au kukifanya kuwa kikuu kile cha chumba kisichozimwa ovyo.

Sababu ya pili ya mapigo kupotea ni waya wenyewe. Hatibiti hupita kwenye waya wake wa koaksia, wa aina ileile ya RG6 inayotoka kwenye ungo, lakini haitakiwi kuguswa na kiunganishi cha katikati kilicholegea, wala tundu la LNB. Tumekuta watu wameuchomeka kwenye tundu la LNB kwa kuwa konekta inaingia vizuri. Tundu hilo linatoa volti 13 hadi 18. Halikuumbwa kuzungumza na king'amuzi kingine. Nyaya zote mbili zikipita bomba moja, zifunge utepe wa rangi tofauti kwenye ncha zote mbili kabla ya kuvuta. Baada ya kuvuta utakuwa unabahatisha.

Sasa twende kwenye ungo, maana hapa ndipo kazi nyingi za chumba cha pili zinapoharibikia, na sababu yake inafaa kueleweka hata na asiye fundi.

LNB ya kawaida, yenye tundu moja, haitoi chaneli zote kwa pamoja. Satelaiti inarusha mawimbi yaliyosimama na yaliyolala, na kila aina ina ngazi ya chini, kuanzia GHz 10.7 hadi 11.7, na ngazi ya juu, kuanzia 11.7 hadi 12.75. Jumla mafungu manne. Waya mmoja unaweza kushusha fungu moja tu kwa wakati. King'amuzi huchagua fungu kwa kutuma umeme juu: volti 13 kwa yaliyosimama, volti 18 kwa yaliyolala, na mlio wa kHz 22 anapotaka ngazi ya juu. Unapobadilisha chaneli, huko juu ya paa kuna swichi inayogeuka.

Chukua sasa splita ya shilingi chache, ugawe waya huo kwa ving'amuzi viwili. Sebuleni mtu anaangalia mpira kwenye chaneli ya volti 13. Mtoto chumbani anaweka katuni iliyo kwenye volti 18. Umeme mkubwa unashinda, LNB inageuka, na sebuleni inatokea E48-32, ile ya hakuna mawimbi. Mtoto akihama chaneli, mpira unarudi. Wenye nyumba watakuambia king'amuzi kina wazimu, au ni mvua, au kinachagua mtu. Hakina wazimu. Viwili vinagombania usukani mmoja. Ukiona tatizo linalokuja na kuondoka kadiri mtu wa chumba kingine anavyobonyeza rimoti, usiguse mwelekeo wa ungo hata kidogo. Fuata waya hadi uikute splita.

Dawa ya zamani ilikuwa LNB ya matundu manne na nyaya nne hadi kwenye maltiswichi, kisanduku kinachogawa mafungu yote manne, halafu kila king'amuzi waya wake. Chenye kurekodi, nyaya mbili. Inafanya kazi mpaka leo, tatizo ni msitu wa nyaya ukutani. DStv walipoleta Explora, king'amuzi chao cha kurekodi, mwaka 2013 walikuja na LNB yao wanayoiita Smart LNB, yenye matundu ya kawaida na tundu la Unicable. Unicable ni utaratibu wa kiwango cha EN 50494: kila tyuna (kipokezi cha chaneli) iliyo ndani ya king'amuzi inapewa njia yake ya masafa kwenye waya uleule, hadi njia 8. King'amuzi kinaagiza, "niletee chaneli fulani kwenye njia yangu ya 3," na LNB inailetea hapo. Ndiyo maana Explora inarekodi vipindi viwili huku ukitazama cha tatu na nyuma yake kuna waya mmoja tu. Kiwango kilichofuata, EN 50607, kinafika njia 32.

Makosa ya hapa yana sura yake. Ukichomeka king'amuzi cha kawaida cha HD kwenye tundu la Unicable, hakioni kitu, kwa kuwa hakijui kuagiza. Ukichomeka Explora kwenye tundu la kawaida bila kuiambia kwenye mpangilio wake kwamba haiko kwenye Unicable, nayo inakaa kimya. Kosa baya zaidi ni kugawa laini ya Unicable na kuweka humo king'amuzi cha kawaida pamoja na Explora. Vya Unicable hukaa kwenye volti 13 na kupandisha hadi 18 kwa kitambo kidogo tu kinapotuma agizo, kisha vinashuka ili mwenzake naye apate zamu. Cha kawaida kikitaka chaneli ya volti 18 kinang'ang'ania hapohapo, na laini nzima inafungwa. Explora itaonesha chaneli iliyokuwapo lakini haiwezi kuhama. Mteja atasema rimoti imekufa.

Ving'amuzi viwili vya Unicable kwenye laini moja vinawezekana, kwa sharti kila kimoja kipewe namba za njia zisizogongana na za mwenzake. Na splita iwe ya satelaiti, inayopitisha umeme kwenye matundu yake yote. Soma ubavuni: ya antena ya kawaida imeandikwa 5-1000 MHz, ya satelaiti lazima ifike angalau 2150. Tofauti ya bei ni ndogo kiasi kwamba kuibana ni kujitafutia safari ya pili ya bure.

Kwenye ving'amuzi vya HD vya kawaida mpangilio wa ungo na LNB uko kwenye orodha ya ufungaji inayofunguliwa kwa namba 9949. Angalia humo nguvu na ubora wa mawimbi, na uangalie kwenye fungu lililosimama na lililolala pia. Fundi anayepima moja akashuka atarudi.

Waya nao una siri. RG6 zote zinafanana kwa nje, nyeupe au nyeusi, ohm 75. Kata uangalie moyo wake. Ukiwa na rangi ya shaba, ukwangue kwa kisu: ikitokea rangi ya chuma ndani, hiyo ni chuma iliyopakwa shaba. Mawimbi ya juu hupita kwenye ngozi ya waya, hivyo picha haina neno. Umeme unaopanda kulisha LNB ndio unaoteseka. Shaba tupu ya unene wa milimita 1 ina takriban ohm 21 kwa kilomita. Ya chuma hukaribia 100. Kwa mita 50 na LNB inayokula miliampea 250, unapoteza zaidi ya volti moja kwenye moyo peke yake, kabla ya kuhesabu nyuzi za nje, splita na konekta zilizoota kutu. Volti 18 zilizotoka chini zikifika juu chini ya 16, LNB haina tena uhakika kama uliomba yaliyolala au yaliyosimama. Dalili yake: nusu ya chaneli zipo, nusu hazipo, na zinazokosekana ni zilezile kila siku. Kwa nyumba ya kawaida ya waya mita 15 hutaona tofauti. Kwa ghorofa, au king'amuzi cha nyumba ya uani, nunua shaba tupu.

Mawimbi yenyewe hupungua pia: kadiria desibeli 30 kwa mita 100 kwenye masafa ya juu kabisa. Ndiyo maana chaneli chache za mwishoni mwa masafa hufa kwanza wakati nyingine ziko salama.

Konekta sasa. Menya waya ili moyo utokeze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa konekta. Ukiwa mfupi, haugusi. Ukiwa mrefu, unatanua kijishimo cha king'amuzi na siku ukichomeka mwingine hautashika. Hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa nyuzi za nje unaogusa moyo. Huo mmoja unatosha kuunguza fyuzi au kuifanya king'amuzi ijizime kujilinda. Konekta za kubana kwa koleo lake ni bora kuliko za kuzungusha kwa mkono, hasa pwani. Chumvi ya Zanzibar na Mombasa haina urafiki na konekta: ndani ya mwaka unakuta unga wa kijani. Weka kofia ya mpira, na kabla waya haujaingia ndani ya nyumba uache ulegee ufanye kitanzi kinachoning'inia, maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye king'amuzi.

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya Ulaya haikuambii. Satelaiti ya DStv kwa ukanda huu iko nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa juu ya vichwa vyetu. Kutoka Dar es Salaam ungo unatakiwa kutazama kwenye mwinuko wa nyuzi 81 hivi, Mombasa karibu 84, Mwanza 85, Nairobi 88. Kwa hiyo matundu ya LNB ambayo kule kwao hutazama chini, hapa karibu hutazama pembeni, na mvua ya masika inayapiga moja kwa moja. Kofia za mpira siyo urembo. Uso wa ungo nao umelala vya kutosha kuhifadhi vumbi, majani na uchafu wa kunguru, basi uoshwe. Ukikuta maji yanatuama ndani, toboa tundu la milimita 6 mahali yanapotuama na upake rangi kingo zake zisioze.

Na usinakili mwelekeo wa mji mwingine. Dar satelaiti iko kaskazini ukiegemea magharibi, kama nyuzi 334 za dira. Mwanza iko kaskazini mashariki, kama nyuzi 51. LNB inageuzwa upande mmoja Dar na upande wa pili Mwanza. Fundi aliyezoea pwani akihamia kanda ya ziwa na kuifunga LNB kwa mazoea, atapata nguvu nzuri na ubora mbovu, kisha atalaumu mawingu. Wanaouliza kama ungo huohuo unaweza kuchukua na Azam: ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, kutoka Dar ni upande wa magharibi kwenye mwinuko wa nyuzi 52. Nyuzi 29 kati ya satelaiti mbili ni nyingi mno kwa ungo mmoja wa sentimita 80 au 90. Weka ungo wa pili.

Turudi kwenye hela. Bili ya nyumba yenye vyumba viwili ina mafungu matatu: kifurushi, ada ya mwezi ya kuunganisha vyumba au ya kurekodi, na gharama ya mara moja ya king'amuzi, LNB, waya na ufundi. Watu hulinganisha la kwanza na la pili tu. Fanya hesabu hivi: ada ya mwezi mara 12, jumlisha vifaa vyote vya chumba cha pili. Kando yake andika njia nyingine: king'amuzi cha pili kwenye akaunti yake, kifurushi kidogo, mara idadi ya miezi utakayokilipia kweli. Kama ya sebuleni ni Premium au Compact Plus na chumbani nako mnataka mpira uleule wa chaneli za juu, kuunganisha kunashinda bila ubishi, maana mfuasi anapata kifurushi kamili cha mkubwa wake. Kama chumbani ni katuni za watoto, weka ada mezani pamoja na bei ya vifurushi vidogo kama Poa au Bomba uone. Akaunti ya peke yake haina hatibiti, haikatiki kwa sababu ya soketi ya sebuleni, na wakati watoto wako shule ya bweni unaacha kulipa bila kumuomba mtu ruhusa. Mara nyingi sisi tunapendekeza hii, ingawa kwetu kazi ya kuunganisha ndiyo yenye malipo mazuri zaidi.

Kwa anayechagua kuunganisha, malipo yake yana mitego midogo. Lipa kwa namba ya mteja au ya kadi ya kikuu, na uiandike ndani ya mlango wa kabati, siyo kwenye simu inayobadilishwa kila mwaka. Lipa jumla yote, kifurushi na ada. Aliyelipa kifurushi tu kwa mazoea ya zamani atakuta sebuleni kunaonesha na chumbani au kurekodi kumefungwa, na atamwita fundi kwa tatizo lisilo la fundi. E16 ni jambo la malipo au uwashaji. E48-32 ni jambo la ungo na waya. Kujua tofauti ya hizo mbili kunaokoa nauli. Baada ya kulipa, ving'amuzi vyote viwe vimewashwa, maana amri ya kufunguliwa inapita hewani na kisichowashwa hakiisikii. Mfuasi aliyekaa wiki mbili kabatini anaweza kuhitaji kuachwa wazi nusu saa.

Uhusiano wa kikuu na mfuasi husajiliwa na kampuni kwa namba za vifaa. Ukinunua king'amuzi kilichotumika, hakikisha muuzaji amekitoa kwenye akaunti yake kwanza. Na tusifichane: kuvuta waya kwenda kwa mpangaji wa chumba cha nje ni kuvunja mkataba wa nyumba moja. Baa na nyumba za wageni zina vifurushi vyao vya biashara.

Kuhusu sifa mpya zinazokuja, dunia nzima inaelekea upande mmoja: king'amuzi kimoja chenye tyuna nyingi, na vyumba vingine vinapewa vijisanduku vidogo visivyoguswa na waya wa ungo. Ndugu zetu walioko Uingereza wanakijua hicho kama Sky Q, kilichotoka mwaka 2016 na tyuna 12 kwenye kile kikubwa, na vidogo vyake vinavyopokea picha kwa Wi-Fi ya nyumbani. Waliohamia walisikia pia habari mbaya: LNB yake ni ya aina nyingine, ya zamani haifai. Marekani DISH walitoa Hopper 3 mwaka huohuo, tyuna 16, na vidogo vinavyoitwa Joey. Kila Joey ina ada yake ya mwezi. Kwa hiyo anayetarajia kwamba teknolojia mpya itaondoa ada ya chumba, aangalie waliotutangulia. Kilichoondoka ni waya. Ada imebaki.

Kwa upande wetu, Explora Ultra iliyozinduliwa Afrika Kusini mwishoni mwa 2020 ilileta 4K, Wi-Fi ya ndani na programu kama Netflix kwenye king'amuzi kilekile. Kabla ya kulipia sifa za namna hiyo, jiulize matatu. Runinga yako ni ya 4K? Kama siyo, unalipia kitu usichoweza kukiona. LNB na waya wako ni wa Unicable, au bado mna maltiswichi ya 2009? Gharama ya kubadilisha hiyo iweke ndani ya bei. Na intaneti yako ni ya aina gani? Kutazama kwa mtandao katika ubora wa HD hula GB 3 hivi kwa saa, 4K GB 7. Familia inayotazama saa 3 kwa siku kwa HD inafika GB 270 kwa mwezi. Kwa bando la simu hiyo ni kazi bure; kwa waya wa faiba nyumbani haina shida.

Wengine hufikiri programu ya simu ya DStv itakuwa chumba cha pili cha bure. Machi 2022 MultiChoice, kampuni ya DStv, waliweka kikomo cha kutiririsha kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja kwa akaunti moja. Kwa mtu mmoja ndani ya nyumba inasaidia sana, hasa siku ya mechi mbili. Kwa nyumba ya vyumba vitatu haitoshi.

Kama unajenga, au unabomoa plasta kwa sababu nyingine yoyote, weka bomba la milimita 25 kutoka darini hadi kila chumba kitakachokuwa na runinga, likiwa na pindo pana, siyo kona ya nyuzi 90. Pitisha koaksia mbili za shaba tupu, moja ya ungo na moja ya hatibiti, na Cat6 moja, zote zikianzia sehemu moja inayofikika bila kuvua bati. Acha mita moja ya ziada kila upande. Na kamba ya nailoni iachwe ndani ya bomba, imefungwa ncha zote mbili, kwa ajili ya waya ambao king'amuzi cha baadaye kitauomba.